Ufunguo Ulionyang'anywa Kibirizi

Ufunguo ule ulichukuliwa mbele ya macho yangu, kwa hiyo hasira yangu si ya kusimuliwa. Nilikuwa nimeteremka ufukweni Kibirizi asubuhi kununua dagaa. Boti ya vijiji vya kaskazini ilikuwa inapakia, wapagazi wanapishana na matenga kichwani, na karibu na maji lilikuwa limesimama gari dogo jeupe ambalo kila mtu pale analijua, mlango wa nyuma wazi, likisubiri samaki wa migebuka. Dereva wake alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai. Mara mwenye gari, mama mfanyabiashara wa samaki anayeishi Rusimbi, akashuka kwenye bodaboda, akamwendea moja kwa moja, akanyoosha kiganja.

"Lete ufunguo."

Dereva akasimama, kikombe mkononi. "Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Shikamoo yako kaa nayo. Lete ufunguo! Umening'olea kontroli boksi ya gari langu, umeuza, umeniwekea takataka. Fundi kaniambia."

"Mama, mimi?"

"Sasa nani? Nani mwingine analala na ufunguo wa gari langu?"

Sauti ya mama yule imezoea kubishana bei na watu walioko kwenye boti. Ufukwe mzima ulisikia. Wapagazi wakatua mizigo. Mmoja akacheka, akasema, "Kumbe ndiyo maana siku hizi ana viatu vipya!" Wengine wakaangua kicheko. Nikaviangalia viatu vyenyewe: katambuga, kandambili za matairi, kisigino kimoja kimeshonwa kwa waya. Mama mmoja mwenye asili ya Kongo, ambaye kazi yake ni kuwapaka samaki chumvi palepale, ndiye peke yake aliyeinua kichwa kutoka kwenye beseni lake na kusema, "Huyu? Huyu hata dagaa moja hajapata kuokota bila kuomba."

Dereva akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye kile kiganja. Kisha akarudi kuketi kwenye ndoo yake, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Asiyeufahamu mji wetu anaweza kuona lile lilikuwa jambo la kazi tu, mtu kafukuzwa, atapata nyingine. Sivyo. Dereva wa gari la mtu hapa hapati kazi kwa leseni. Leseni wanayo wengi. Anapata kazi kwa sababu mtu fulani Ujiji alimwambia mtu fulani Gungu kwamba huyu ukimpa gari lako utalikuta kama ulivyoliacha. Ukishaitwa mwizi wa vifaa Kibirizi saa moja asubuhi, saa sita mchana neno limeshafika Ujiji, na tangu hapo hakuna atakayekukabidhi ufunguo hata wa baiskeli. Huyu alikuwa na mke na watoto Buzebazeba, na kitu cha pekee alichokuwa nacho cha kuwalishia ni hilo jina.

Alasiri alikuja kwenye kibanda changu. Mimi ni fundi umeme wa magari, nafanyia kazi kando ya barabara hapa Gungu. Hakukaa.

"Fundi," akasema, "kazi anaweza kumpa mwingine. Mimi nataka jina langu. Litazame lile gari."

Nikampigia mama simu, nikamwomba aniletee gari kabla hajaagiza kontroli boksi nyingine kutoka Dar es Salaam.

"Litazame. Ila huyo mwizi asiliguse gari langu."

"Hataligusa, mama. Nataka awepo anieleze tu."

"Akueleze nini? Alivyoiba?"

Kesho yake mama alikuja nalo mwenyewe, ameketi kiti cha mbele, likiendeshwa na mtu wa kukodi. Kabla ya kufika kwangu lilikuwa limemzimikia yule mtu pale makutano ya Mwanga, likapigiwa honi na bajaji zote za mji. Yule wa kukodi alinikabidhi ufunguo kama anayetua mzigo, akaenda zake. Mama nilimpa benchi. Dereva alisimama upande wa pili wa kibanda, mikono nyuma, kama mtu aliye mahakamani.

Sasa nieleze kilichokuwa kimetokea, maana hapa ndipo ninapokasirika zaidi, na ningependa wewe unayesoma ukasirike ukijua sababu.

Gari lilikuwa linazima njiani. Si kila siku, na halikuzima mahali pamoja. Mama akalipeleka kwa fundi mmoja mwenye mashine ya kupimia kompyuta ya gari. Mashine ile si mbaya, hata mimi ninayo. Lakini ni kama kipimajoto: itakwambia mtoto ana homa, haitakwambia amelala bila neti. Fundi akachomeka mashine mchana, gari limesimama uani kwake, likanguruma vizuri kabisa bila kuzima. Akachomoa, akachomeka tena. Mashine ikamwambia injini imewahi kukosa mafuta ya kutosha, basi. Mtu mwungwana angesema, "Mama, sijaliona tatizo, niachie nilitafute." Yeye akafungua kifuniko, akaiona kontroli boksi, ambayo ni kile kisanduku chenye kompyuta ya injini, akaona kibandiko chake kimebanduka, akasema, "Hii si orijino. Imebadilishwa."

Neno jepesi kama pumba! Nimelisikia kwa mafundi mara nyingi mno. "Si orijino" husemwa na mtu aliyeshindwa lakini hataki kusema ameshindwa. Halimgharimu msemaji kitu, maana tayari amekunja mashine yake. Linamwangukia asiyekuwepo. Na gari lililotoka Japani limetumika, likapita bandarini, likashikwa na mikono ambayo hakuna anayeijua, litakosaje kibandiko kilichobanduka?

Nikamgeukia dereva. "Hebu niambie. Linazima wakati gani?"

Akamtazama mama kwanza, kisha akanijibu. "Asubuhi, fundi. Kukiwa bado kuna giza, natoka Kibirizi na samaki. Likiwa linakwenda halina shida. Likifika kwenye makutano nikasimama, linaanza kutetemeka, linazima. Ukiliwasha linawaka. Mchana ni mara chache sana."

"Mguu wako unakuwa wapi?"

"Kwenye breki. Pale ni mteremko."

"Na indiketa?"

"Nakuwa nimewasha, nakata kona."

"Na taa, kwa sababu ni giza."

"Na taa, ndiyo."

Alikuwa amenipa tatizo zima, limekunjwa vizuri kama shati lililopigwa pasi. "Ulimwambia haya yule fundi?"

"Nilimwambia. Akasema kazi ya dereva ni kukanyaga, si kufikiri."

Naomba kila mwanafunzi wa ufundi anayesoma hapa alisome jibu hilo mara ya pili. Gari haliwezi kusema. Mwenye kusema kwa niaba yake ni yule anayekaa ndani yake kila siku, na yule fundi alimfunga mdomo shahidi wa pekee, kisha akamfanya mshtakiwa. Ukitaka kuwa fundi mzuri wa umeme, huhitaji kuanza na mashine. Anza na kuuliza: wakati gani, ukiwa umefanya nini, ukiwa umewasha nini. Uliza kwa upole, halafu nyamaza usikilize. Ni rahisi, unaweza kuanza leo.

Nikaingia kwenye gari, nikawasha. Likanguruma vizuri. Nikawasha taa zote. Likashusha pumzi kidogo. Nikawasha indiketa, na injini ikaanza kuitikia kila indiketa inapopepesa, inashuka na kupanda, inashuka na kupanda. Nikakanyaga breki, nikashikilia. Likatetemeka kama mtu aliyetoka majini, likazima.

Mama akaruka kutoka kwenye benchi. "Umelifanya nini?"

"Nimekanyaga breki tu, mama. Kama anavyofanya yeye kila asubuhi."

"Si ndiyo hiyo kontroli boksi feki!"

"Tuanze na hiyo basi," nikamwambia. "Gari hili lina funguo ngapi?"

"Huo, na wa akiba."

"Wa akiba uko wapi?"

"Kabatini kwangu, umefungiwa ndani ya kitenge."

"Huyu dereva amewahi kuushika?"

"Thubutu! Hata binti yangu hajui rangi yake."

Nikamwomba auagize. Akapiga simu nyumbani, akamwelekeza binti yake kabati lipi na kitenge kipi, auweke kwenye bahasha ampe bodaboda. Wakati tunasubiri nikamweleza sababu, na nikamweleza dereva pia, kwa sababu alikuwa na haki ya kuelewa kitakachomwokoa. Magari ya siku hizi ya aina hii yana ulinzi. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna kitu kidogo kama punje ya mchele, na ile kontroli boksi inakitambua. Wasipotambuana, stata inaweza kuzunguka mpaka betri iishe, injini haiwaki. Mtu akileta kontroli boksi ya gari jingine, itakuwa mgeni kwa funguo zako. Mjanja mwenye vifaa anaweza kuifundisha upya, lakini ataifundisha ufunguo alionao mkononi. Ule uliofungiwa ndani ya kitenge chako haitaujua kamwe.

Mama alikuwa mtu mwenye akili, mimi sijapata kulikana hilo. Niliona anaipima hesabu hiyo kichwani na haimpendezi.

Bodaboda ikaja. Ufunguo wa akiba ulikuwa bado unang'aa, haujawahi kukaa mfukoni mwa mtu. Sikutaka kuushika mimi. Nikamwambia mama aketi kwenye kiti cha dereva auzungushe mwenyewe. Hajui kuendesha, akaketi pale kwa uoga, mkoba mapajani. Akazungusha. Gari likawaka papo hapo.

Tukasikiliza injini. Dereva alikuwa ametazama chini.

"Kontroli boksi ni ileile," nikasema. "Haijawahi kuondoka. Mama, kisanduku hiki kinakujua wewe."

"Haya," akasema, bila kugeuka. "Kama si hiyo, ni nini?"

Swali zuri, ila lilikuja limechelewa na halikuwa na neno moja kwa yule mtu aliyesimama pale. Nikameza nilichotaka kusema, nikachukua mita ya kupimia umeme.

Usiogope umeme wa gari. Watu wengi huogopa nyaya zile nyingi, lakini jambo la msingi ni moja: umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri. Unakwenda kwa waya, unaifanyia kazi taa au pampu, na unarudi kupitia bati lenyewe la gari, lile bodi. Mahali ambapo waya wa kurudi umefungwa kwa bolti kwenye bodi mafundi tunapaita ethi. Mafundi wengi wanaufuata umeme unavyokwenda. Wachache wanauliza unarudije. Na ethi mbovu ina vituko: taa na pampu zinazotumia bolti moja kurudi zinaanza kugombania njia. Wewe unakanyaga breki, taa za breki zinadai njia, na pampu ya mafuta iliyoko chini ya kiti cha nyuma inabaki haina nguvu. Injini inakosa mafuta. Mashine ilisema kweli kwamba mafuta hayakutosha, ila haikusema kwa nini, na yule fundi hakuuliza.

Kupima ni kazi ndogo. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa ethi unaoshuku, washa vitu vyote. Mita ikionyesha karibu sifuri, njia ya kurudi ni safi. Nikavuta waya mrefu mpaka nyuma, nikamwambia mama, ambaye bado alikuwa kwenye usukani, akanyage breki. Mita ikapanda ikapita volti tatu.

"Kanyaga. Achia. Kanyaga."

"Nimekuwa dereva sasa?" akanung'unika, lakini alikanyaga.

Kila akikanyaga, mita inapanda. Akiachia, inashuka. Nikamwomba azime gari, nikafungua waya wa betri kama inavyopasa kabla ya kugusa ethi yoyote, nikainua kiti cha nyuma, nikavuta kapeti.

Harufu ilitoka kwanza. Chini ya kapeti bati lilikuwa limelowa, na pembeni, karibu na kizingiti cha mlango ambapo rundo la nyaya hupita, ile bolti ya ethi haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa na kitu cha kijani na cheupe kama mkate ulioota ukungu. Nikaigusa kwa spana, na jicho la waya, kile kipete kinachopitishwa kwenye bolti, likabaki mkononi mwangu, limeliwa. Na upande wa chini wa kapeti, pale palipokauka, kulikuwa na ganda la chembe nyeupe, kubwakubwa, zinang'aa.

Nikazibandua chembe chache safi, mbali na ile kutu ya kijani, nikaziweka kiganjani. Nikamwendea mama.

"Onja."

"Nionje uchafu wa gari? Fundi, una wazimu?"

"Onja, mama."

Akaniangalia, akachovya kidole, akakigusisha ulimini. Mama yule amenunua chumvi ya Uvinza kwa magunia maisha yake yote. Anaitambua kama wewe unavyotambua kikohozi cha mtu wa nyumbani kwako. Akaufuta ulimi wake kwa ncha ya kanga.

Hapo yote yakawa wazi, na ningetamani yasingekuwa ya kijinga hivyo. Migebuka inapakwa chumvi ufukweni, inapangwa kwenye matenga, matenga yanapandishwa nyuma ya gari kiti kikiwa kimekunjwa. Tenga halizuii maji. Maji ya chumvi yanadondoka njia nzima. Peke yake hayo yangechukua muda mrefu kuliharibu gari. Lakini mama alikuwa mtu wa harusi na kwaya, na hakutaka kuingia ukumbini akinuka samaki. Basi kila Ijumaa aliamuru gari lioshwe ndani: ndoo za maji ya ziwa, sabuni na malimau, vinamwagwa juu ya kapeti mpaka harufu iishe. Juu palinukia limau. Chini, maji yaliikusanya chumvi yote ya wiki na kuishusha taratibu mpaka kwenye ile bolti, ambayo ipo mahali pa chini kuliko pote.

"Nilimwambia mama tutandike turubai," dereva akasema. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusema bila kuulizwa.

"Turubai linawachemsha samaki," mama akajibu haraka.

"Ndivyo ulivyonijibu na siku ile."

Nilifanya kazi yangu. Nikaukata waya mpaka nilipokuta shaba nyekundu iliyo hai, nikaufunga jicho jipya, nikapiga msasa bati mpaka likang'aa, nikakaza bolti, na baada ya kukaza ndipo nikapaka grisi juu yake ili maji yasiingie. Baada, si kabla. Kapeti nikaitoa nje ioshwe kwa maji safi na kukauka juani. Nikarudisha betri, nikawasha taa, indiketa, nikakanyaga breki. Mita haikutikisika. Injini ilinguruma kana kwamba haijawahi kusikia habari ya breki.

Mama akasikiliza kidogo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akanyoosha kiganja, nikampa ule ufunguo wa kila siku, akautupa juu ya boneti ukateleza kuelekea upande wa dereva.

"Haya, chukua. Yaishe. Kesho alfajiri uwe Kibirizi."

Yaishe! Neno hilo nalo nina ugomvi nalo. Mwenye nguvu akikukanyaga, yeye ndiye anayetangaza kwamba yameisha, na wewe ukiendelea kuchechemea unaonekana mgomvi. Nilifungua mdomo, lakini dereva alinitangulia. Hakuugusa ufunguo. Alisema kwa adabu, sauti ya chini, kwa lafudhi yake ya Kiha.

"Mama, ulinichukulia ufunguo mbele ya watu. Naomba unirudishie mbele ya watu."

"Unataka nikakuombe msamaha sokoni? Mimi?"

"Sijasema msamaha. Nimesema ufunguo."

Mama akauokota ufunguo wake, akauchomoa na ule wa akiba garini, akasimamisha bodaboda, akaondoka. Gari likabaki kwangu, zima kabisa, halina wa kuliendesha.

Siku zilizofuata nilisikia maneno ya kila aina, na karibu yote yalinichoma. Watu wema, majirani, walimwambia dereva ajishushe. Kazi ni kazi. Mama yule ni mkubwa. Maneno ya ufukweni yanasahaulika. Mmoja alikuja mpaka kibandani kwangu kuniomba nimshauri mwenzangu asiwe na kiburi. Nikamuuliza, kati ya aliyepiga kelele na aliyeomba kwa upole, mwenye kiburi ni nani? Akasema, "Fundi, wewe unaongea vitabu." Hakuna hata mmoja aliyekwenda Rusimbi kumshauri mama ajishushe. Na yule fundi mwenye mashine, nilipokutana naye akinunua fyuzi nikamweleza bolti, chumvi na ufunguo, aliinua mabega, akasema hata yeye alikuwa na wasiwasi na ethi tangu mwanzo.

Dereva alikwenda Kibirizi kila siku. Alikuwa anapakia. Alibeba matenga ya watu wengine kichwani, akayapandisha kwenye magari ya watu wengine, na maji ya chumvi yakimtiririka shingoni. Nilimkuta huko nikamwambia kwamba kama akitaka nitamtafutia gari la mtu ninayemfahamu. Akanijibu, "Nitalichukua baada ya hili, fundi. Nikilichukua kabla, nitakuwa mwizi aliyepata gari jingine." Alikuwa ameipima njia yake ya kurudi vizuri kuliko mimi.

Halafu asubuhi moja mama akatokea kibandani, amevaa kama anayekwenda kanisani.

"Fundi, endesha. Tunakwenda Kibirizi," akasema, akinipa ufunguo wa akiba.

Tulipofika kwenye kona ya kuteremkia ziwani akaniamuru, "Simama hapa. Washa taa. Indiketa. Kanyaga breki." Nikafanya. Tukakaa hivyo katikati ya njia, bajaji zimepanga foleni nyuma yetu, watu wanatutukania mama zetu, na yeye ameinamisha sikio kuisikiliza injini. "Halizimi," akasema hatimaye. "Nenda."

Ufukwe ulikuwa umejaa. Akashuka, akamwita dereva kwa jina lake kamili na la baba yake. Dereva akatua tenga. Wapagazi walewale wakasogea, na mama wa Kongo akanyanyuka kutoka kwenye beseni, mikono myeupe kwa chumvi.

"Kontroli boksi ya gari ni ileile," mama akasema. "Haikuibiwa. Gari liliharibiwa na chumvi, na chumvi ni yangu."

"Mama, sema tena muzuri!" mama wa Kongo akapaza sauti. "Huku nyuma hatukusikia, boti inapiga kelele!"

"Umesikia sana!"

"Mimi nimesikia. Hawa wenye kucheka viatu ndiyo hawajasikia."

Kicheko kikapasuka, na safari hii kiligeukia upande mwingine. Mama akavuta pumzi, uso umemwiva kwa hasira, akarudia yote kwa sauti ile yake ya kubishana na boti. Nadhani walisikia mpaka majini. Kisha akautoa mkobani ule ufunguo wa kila siku, akamnyooshea dereva kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama tunavyompa kitu mtu tunayemheshimu. Dereva akafuta magamba ya samaki kwenye suruali, akaupokea vilevile.

"Ego," akasema, ndiyo ya nyumbani kwao.

Sitadanganya kwamba hasira yangu iliishia pale. Mtu alibeba matenga siku zote zile ili arudishiwe kitu ambacho hakupaswa kunyang'anywa. Lakini nilimwona akizunguka gari polepole, anaangalia matairi, anafuta kioo kwa mkono, anafungua mlango wa nyuma na kupapasa kapeti kavu.

Wapagazi walikuwa wameshanyanyua tenga la kwanza la migebuka, linadondosha maji. Akaufunga mlango wa nyuma kabla hawajamfikia.

"Sasa wewe nini tena?" mama akasema. "Samaki wanaharibika."

"Turubai kwanza, mama."

Mama akamtazama. Akamtazama na mama wa Kongo, ambaye alikuwa ameshika kiuno akisubiri. Kisha akageukia vibanda, akaanza kuulizia turubai kwa sauti ileile aliyokuja nayo siku ya kwanza.